Isuzu ya viti 62 kuifanya nyumba: nianze na sakafu au na stima?

baharia_mkavu

Assalaam aleikum wenyeji. Kuna basi la Isuzu la zamani, injini 6BD1 iko mbele, bodi ya mabati iliyojengwa humu humu nchini, urefu mita 10 na nusu. Juu lina keria, nyuma ngazi, kama mabasi ya mashambani ya enzi zile. Limesimama Shanzu miaka minne chini ya mwembe, karibu na bahari kiasi kwamba kioo ukikifuta asubuhi, jioni kina chumvi tena. Nia ni kuligeuza nyumba ya safari ya watu wanne: vitanda, jiko, choo, bafu, na kiyoyozi cha kulalia. Safari zenyewe ni Kilifi, Watamu, Voi, Taita, na upande wa kusini kupitia Likoni hadi Diani na Shimoni.

Yaliyonishinda kuamua ni haya. Fundi mmoja asema tusiguse sakafu, plaiwudi bado ngumu. Tupige lami chini ya gari halafu tuendelee na makabati. Ni sawa? Pili, paneli nne za wati 450 na betri moja ya lithiamu ya volti 24, 200Ah, zitavuta kiyoyozi cha BTU 9000 usiku kucha? Tatu, kuta na paa nizijaze nini lisiwe tanuri? Nne, injini ilizimwa ikiwa nzima. Naweza kutia betri mpya nikapiga stata? Na mambo ya logibuku, kile cheti cha usajili wa gari, je?

grainda_jomvu

Waaleikum salaam. Lami weka kando. Lami juu ya kutu haizuii kitu, kwa sababu chumvi imeshaingia ndani ya ile kutu. Ukiifunika unaifungia humo iendelee kula chuma mahali usipopaona. Baada ya miaka miwili lami bado inang'aa na ndani yake hakuna boriti.

Plaiwudi kuwa ngumu hakusemi lolote juu ya chuma kilicho chini yake. Toa viti vyote. Bolti zitagoma, usipoteze siku na spana, zikate kwa grainda. Kisha ng'oa plaiwudi yote, hata ile iliyo juu ya magurudumu. Chukua nyundo ya nusu kilo na bisibisi bapa, uingie uvunguni. Gonga kila boriti ya kukata upana wa gari, mwanzo hadi mwisho. Ikilia "ngo!" chuma kipo. Ikijibu "pu", kama unagonga boksi, hapo sukuma bisibisi. Ikizama hata milimita mbili, kata. Pa kutazama zaidi ni ngazi ya mlango, matao ya magurudumu, miguu ya nguzo za madirisha, na ukingo wa chini wa mabati ya ubavuni. Huo ukingo una vitundu vya kutolea maji ambavyo huzibwa na vumbi na majani, na mwembe wako umefanya kazi hiyo miaka minne. Fungua kila kitundu kwa msumari.

Kiraka hakiwekwi juu ya kutu. Kata mpaka upite kutu kwa sentimita 5, ufike chuma cheupe, ndipo ulehemu bamba la unene ule ule: milimita 3 kwa boriti, 1.5 hadi 2 kwa sakafu. Mabati membamba usiyalehemu kwa mstari mmoja, yatajikunja. Piga sentimita 2 au 3, ruka, piga upande wa pili, rudi. Vyuma vilivyopakwa zinki parua zinki kwanza, moshi wake unaleta homa. Na kabla ya kulehemu chochote, toa nyaya za betri na za alteneta, na ethi ya mashine uishike pale pale unapolehemu. Ukiishika kwenye bampa huku walehemu nyuma, umeme utajitafutia njia kwenye beringi.

Chesisi yenyewe haitobolewi mbawa zake za juu wala za chini, wala hailehemiwi kitu hapo. Tundu likihitajika, litobolewe ubavuni, katikati ya kimo chake, na lifungwe bolti za nguvu, 8.8 kwenda juu. Bodi imeshikwa kwenye chesisi kwa bolti za umbo la U, na katikati pana vipande vya mbao au mpira. Vikague vyote. Kimoja kikioza, bodi inacheza, na bodi ikicheza kila dirisha litavuja hata uzibe vipi.

Sasa rangi, na hapa ndipo watu wa Pwani hupoteza pesa. Chuma kikishapauka kwa msasa bado kina chumvi ndani ya vishimo vyake. Ukipiga praima juu yake, miezi michache tu inatoka malengelenge. Osha kwa maji ya mfereji yenye presha, mara mbili. Maji ya kisima usitumie, visima vingi vya ufuoni vina chumvi, utakuwa unarudisha ulichotoa. Kausha kwa upepo wa kompresa, paka dawa ya kutu ya asidi ya fosforiki, ifuate maelezo ya kopo, halafu praima ya epoksi siku ile ile. Chuma kilicho wazi kikilala usiku mmoja kwa unyevu wa hapa, asubuhi kimeshageuka chungwa. Redoksaidi peke yake haitoshi, inapitisha maji. Anza saa nne asubuhi umande ukishakauka, lakini ndani ya kivuli cha turubai, maana bati lililopigwa na jua linakausha rangi kabla haijatambaa. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, ndio wakati. Aprili na Mei masika ikija, kazi ya rangi ya nje iache.

Lami, ukiipenda sana, ipige mwisho kabisa juu ya epoksi. Kabla ya hapo hapana.

pampu_na_noazeli

Usipige stata, ndugu yangu. Miaka minne ni mingi kwa pampu ya dizeli. Ile reki ya ndani inayopima mafuta huganda, na ikiganda upande wa mafuta mengi, injini ikiwaka itapanda mzunguko wenyewe na swichi haitaizima. Dizeli iliyokimbia, njia ya haraka ya kuizima ni kuinyima hewa. Kwa hiyo fungua bomba la hewa kabla ya kujaribu, na mtu asimame pale na ubao mpana wa kuziba mdomo wake. Ubao, si mkono wala tambara, vitanyonywa.

Mpangilio ni huu. Mwaga oili, badilisha filta, tia 15W-40. Zungusha injini kwa mkono kwa bolti ya mbele ya krenki, mizunguko miwili mizima. Ikikwama mahali usilazimishe, toa noazeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, tia oili kidogo kwenye kila silinda, iache ilale. Tangi la dizeli shusha, usimwage tu. Chini yake utakuta maji na ute mweusi wa vijidudu wanaoishi kati ya maji na dizeli, na ute huo utaziba filta kila kilomita chache. Osha tangi, badilisha mipira yote ya mafuta, tia filta mpya, kisha toa hewa kwa pampu ya mkono: legeza skrubu ya juu ya filta hadi dizeli itoke bila povu, funga, uende skrubu ya pampu, fanya hivyo hivyo. Vuta kamba ya kuzima, zungusha kwa stata sekunde kumi kumi hadi geji ya oili ipande. Hapo ndipo uachie kamba.

Ikiwaka, soma moshi. Mweupe unaokwisha injini ikipata joto si neno. Mweupe usiokwisha huku maji yanapungua kwenye rejeta ni gasketi ya kichwa au kichwa kimepasuka. Bluu ni oili. Mweusi, tazama filta ya hewa na noazeli kabla ya kugusa pampu. Rejeta usiitie maji ya kisima hata siku moja. Tia kuulanti na maji yaliyosafishwa.

Breki. Angalia kwanza ni za upepo mtupu au upepo unasukuma mafuta. Kama kuna mafuta, yamwage yote, ya miaka minne yameshakunywa unyevu na kwenye mteremko yatachemka. Badilisha vikombe vya mpira vya kila gurudumu. Upande wa upepo, jaza tangi hadi kompresa ikate, zima injini, tazama geji bila kukanyaga pedali. Ikishuka zaidi ya paundi 2 kwa dakika, kuna panapovuja. Kanyaga ushikilie dakika moja, isizidi paundi 3. Povu la sabuni litakuonyesha mahali. Na matangi ya upepo yatolewe maji kila siku ya safari. Hewa ya Mombasa ina maji mengi, kompresa inayakusanya yote humo.

Matairi usitazame maua. Tazama ubavuni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Likizidi miaka saba, maua yawe mapya vipi, si tairi la mbele.

Jambo jingine ambalo halisemwi. Springi za basi hilo zilipangwa kwa abiria 62. Ukihesabu kilo 68 kwa mtu, ni zaidi ya tani 4 bila mizigo ya keria. Nyumba yako haitafika huko, basi litaruka ruka kama ngamia. Usikimbilie kutoa majani ya springi kabla nyumba haijaisha na gari halijapimwa. Na kwa kuwa wavuka Likoni: usining'inize tangi la maji machafu nyuma ya ekseli ya nyuma. Maji yakiwa ya kupwa, mteremko wa kuingilia feri unakuwa mkali, mkia wa basi unaburura, na cha kwanza kugusa zege ni hilo tangi. Lipandishe kati ya ekseli mbili.

Bi_Waya

Kiyoyozi usiku kucha kwa betri moja, jibu ni hapana. Hesabu si ndefu.

Betri ya volti 25.6 mara 200Ah ni uniti 5.1. Ukitumia asilimia 85, una 4.3. Kiyoyozi cha BTU 9000 cha inveta, kwenye bodi iliyozibwa joto vizuri, kitavuta wastani wa wati 600 usiku wa Mombasa. Kwa muda wa saa nane ni uniti 4.8. Bado friji na feni. Umeshapita.

Upande wa kujaza: paneli nne ni wati 1800. Jua la maana ni saa tano kwa siku, na zidisha kwa 0.7, kwa sababu zimelala bapa juu ya paa, zina vumbi, na zina joto. Seli ikifika nyuzi 65 inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Unapata uniti 6.3 siku njema, nusu yake masika. Matumizi bila kiyoyozi: friji ya volti 24 ya lita 130, uniti 0.8, feni nne za wati 25 kwa saa kumi, uniti 1, taa, simu, kompyuta na pampu ya maji, 0.8. Jumla 2.6. Ongeza 4.8 za kiyoyozi ni 7.4, na paneli zinaleta 6.3. Kila siku una deni. Kwa hiyo ama betri mbili na kuchomeka stima ya kambi kila baada ya siku chache, ama ufanye wanavyofanya wengi: kiyoyozi saa tatu za mwanzo mpaka watoto walale, kisha feni. Mimi ningechukua hilo la pili na pesa ya betri ya pili ningeitia kwenye kuziba joto la paa.

Kufunga. Paneli mbili mbili kwa mfululizo, halafu jozi mbili sambamba. Paneli ya namna hiyo ina karibu volti 50 bila mzigo, kwa hiyo jozi ni 100. Chukua kidhibiti cha chaji ya paneli, aina ya MPPT, cha volti 150, ampea 70. Waya wa milimita 6 za mraba kutoka kila jozi. Acha nafasi ya sentimita 8 hadi 10 kati ya paneli na bati ili upepo upite. Reli zishike kwenye mbavu za paa, si kwenye bati tupu. Kila paneli ni kilo 24 hivi, na upepo wa barabara ya Voi unazivuta juu. Hakikisha kivuli cha tangi au kingo za keria hakigusi hata pembe ya paneli.

Inveta, yaani mashine ya kugeuza stima ya betri kuwa ya 240, ikiwa ya wati 3000 kwa volti 24 inavuta ampea 125, na ukiongeza upotevu karibu 140. Tumia kebo ya milimita 50 za mraba, isizidi mita mbili, na fyuzi ya ampea 200 ya daraja T ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Fyuzi ya gari ya kawaida haifai hapo. Lithiamu ikipigwa shoti inatoa maelfu ya ampea, na fyuzi ndogo inaungua lakini cheche inaendelea kuruka ndani yake. Inveta iwe ya wimbi safi.

Alteneta usiiunganishe moja kwa moja na lithiamu. Betri hiyo inakunywa kila kinachokuja, na alteneta ya zamani ikilazimishwa kutoa mwisho wake huku injini iko polepole kwenye foleni ya Changamwe, inaungua. Weka chaja ya 24 kwa 24 ya ampea 20 au 30 katikati, iwashwe na swichi ya gari.

Kosa ambalo nakukataza mapema: basi lina betri mbili za volti 12 kwa mfululizo, na fundi wa redio atachomoa volti 12 kutoka betri moja tu. Hiyo moja itakuwa inapungua, mwenzake inajazwa kupita kiasi inachemka, na zote mbili zitakufa kabla ya wakati. Vitu vya volti 12 vipitie kipunguzi cha 24 kwenda 12.

Waya wa nyumba wa uzi mmoja mnene usiingie ndani ya basi. Mtikisiko unauvunja ndani ya ganda lake na hutaona. Tumia wa nyuzi nyingi, uliopakwa bati ukiupata, na vichwa vibanwe kwa koleo lake na mpira wa joto wenye gundi. Kila unapopita kwenye chuma weka pete ya mpira. Stima ya 240 iwe na kinga ya miliampea 30, ile inayokata stima ikivuja, na bodi yote ya gari iungwe ethi. Kabla ya kununua inveta muulize muuzaji kama inaunga na kukata nyutro na ethi yenyewe unapohama kutoka betri kwenda stima ya nje. Isipofanya hivyo, kinga yako itakuwa inakatika bila sababu, au mbaya zaidi, haitakatika kabisa.

Betri ikae chini, ndani, penye hewa, mbali na boneti ya injini. Joto linaifupishia maisha.

randa_kisauni

Dada hapo juu amesema kweli kuhusu paa. Kuna watu watakuambia ujaze sufi ya mawe au ya kioo kwa kuwa ni rahisi. Kwenye basi la Pwani, usijaze. Usiku bati la paa linapoa kuliko hewa, unyevu unageuka matone ya maji kwa ndani yake, sufi inakunywa na kukaa mbichi, na kutu inaanza kutoka ndani kuja nje. Tumia povu la seli zilizofungwa, ama mbao ngumu za povu ziitwazo XPS, za milimita 25 mara mbili, ama la kupuliza, na lishikane na bati lisiache nafasi ya hewa. Mbavu za chuma zenyewe zinapitisha joto, kwa hiyo kabla ya kufunga dari pitisha juu ya kila ubavu ukanda wa povu au mpira wa milimita 5. Paa lipigwe rangi nyeupe. Hilo peke yake ukiligusa kwa kiganja saa sita mchana utaijua tofauti.

grainda_jomvu

Povu la kupuliza mimi silitaki. Siku unatafuta panapovuja au unataka kulehemu, utalichonga kwa kisu siku tatu, na moshi wake ni sumu. Mbao za XPS zinatoka.

randa_kisauni

Nakubali kwa kuta. Paa lenye mviringo mbao haikai vizuri bila kuikata vipande vyembamba, na kila unapoacha mwanya ndipo maji yatakapojikusanya. Apulize paa, kuta abandike.

Mbao sasa. Sakafu plaiwudi ya milimita 18, ile ya mashua, kingo zote zipakwe epoksi kabla hazijalala. Makabati milimita 12. MDF na mbao za vumbi usizilete hata kwa rafu ya viatu, zinavimba kama mkate kwenye chai. Skrubu na bawaba za chuma cha pua; zile za kawaida zitalia machozi ya kahawia juu ya rangi yako kabla mwaka haujaisha. Vigae vya sakafu vitapasuka kwenye matuta ya kwanza, weka zulia la plastiki. Kila kabati lishikwe kwenye mbavu kwa bolti, si kwenye plaiwudi ya ukuta. Milango ya droo iwe na kikomeo cha kubonyeza, sumaku haiwezi barabara ya changarawe.

Panga uzito kabla ya kupanga uzuri. Maji lita 300 ni kilo 300. Tangi likae katikati ya basi, karibu na sakafu, lenye vizuizi ndani ili maji yasikurushe kwenye kona. Jiko, friji na betri zikiwa upande mmoja, bafu na tangi viwe upande wa pili. Ukimaliza nusu ya kazi, peleka gari mzanini, pima kila ekseli, halafu upande wa kushoto peke yake na wa kulia peke yake.

Choo chukua cha kaseti, tangi dogo la kuchomoa na kwenda kulimwaga, la lita 20. Tangi kubwa la kinyesi litakuwa na shida moja tu, ambayo ni pa kulimwaga. Hita ya maji sahau. Tangi la maji Mombasa lina joto lake mwenyewe.

Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka sakafuni na kukaa kama maji. Mtungi wa kilo 6 uwe ndani ya kisanduku chake kinachofunguliwa kwa nje tu, kilichozibwa upande wa ndani, na chini yake pana tundu la milimita 50 linalotazama barabarani. Kifaa cha kunusa gesi kifungwe sentimita 15 kutoka sakafuni. Bomba la shaba, mpira ni kipande kifupi tu cha mwisho. Jaribu kila kiungo kwa povu la sabuni, na urudie baada ya safari ya kwanza, kwa sababu mtikisiko unalegeza. Mlango wa dharura wa nyuma usiuzibe kwa kitanda.

Bi_Waya

Logibuku: usingoje umalize. Basi limeandikwa la abiria, na unabadilisha bodi na matumizi, kwa hiyo mabadiliko lazima yaingie NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, gari likaguliwe, na logibuku isome ilivyo. Bima ifuate logibuku. Ukipata ajali gari ni nyumba na karatasi zasema viti 62, kampuni ya bima itakuwa na sababu ya kukataa. Mstari wa njano wa matatu ufutwe. Piga picha za kila hatua, hasa za kulehemu kabla hazijafunikwa, mkaguzi ataziuliza.

baharia_mkavu

Mungu awabariki. Sakafu imeng'olewa. Boriti za kukata upana wa gari ni 14, na tano zimejibu "pu", tatu zikiwa zimefuatana nyuma ya tao la gurudumu la kushoto. Chesisi nayo, karibu na mkono wa springi ya nyuma, inatoa maganda kama ya mti. Keria imeshuka, imeacha matundu 16 kwenye paa. Nayazibe kwa silikoni?

grainda_jomvu

Chesisi kwanza. Toa maganda yote kwa nyundo na brashi ya waya mpaka chuma, kisha pima unene kwa kipimo cha taya pale, na upime tena mahali pakavu kwenye chesisi hiyo hiyo. Ikiwa kilichopungua kinazidi sehemu moja kwa kumi, na ni pale pale mkono wa springi unaposhika, hiyo si kazi ya kiraka cha gereji. Atafutwe fundi wa chesisi za malori. Tazama pia kama mahali hapo chesisi ina bamba mbili zilizolaliana. Kutu ikiota katikati yake inazipanua mpaka riveti zikatike, na ukitazama kwa nje utadhani ni tumbo tu.

Boriti tano: kata moja, weka moja. Usizitoe tatu zilizofuatana kwa pamoja, bodi itaketi upande huo. Kabla ya kukata tia jeki na gogo chini ya ukingo wa bodi, na upime mlango wa abiria kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, njia zote mbili. Andika ukutani kwa chaki. Ukimaliza kila boriti pima tena. Vipimo vikitofautiana na vya mwanzo kwa zaidi ya milimita 3, jeki imeshuka.

Silikoni hapana. Rangi haishiki juu yake, na ikishapita pale hata dawa nyingine ya kuzibia haishiki. Kwanza jua bati la paa ni la nini, kwa sumaku. Likishika, ni chuma: lehemu vipande vya ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, unene ule ule, saga usawa, epoksi. Lisiposhika, ni alumini: kata kiraka cha alumini cha sentimita 6 kwa 6, zungusha dawa ya poliyurethani chini yake, piga riveti za alumini nane zilizochovywa kwenye dawa hiyo. Riveti za chuma ndani ya alumini kwa chumvi ya Shanzu zitakula tundu liwe kubwa kuliko ulilolikuta. Pale alumini inapolala juu ya ubavu wa chuma weka utepe wa mpira katikati. Na poliyurethani yenyewe ipigwe rangi juu, jua linaipasua.

Ukishamaliza matundu, usifunge dari bado. Mtu aingie ndani na tochi na chaki, mwingine juu na mpira wa maji. Aanze chini, kwenye madirisha, dakika tano kila sehemu, ndipo apande kidogo kidogo hadi paa. Akianza juu, maji yatashuka ndani ya mbavu yatokee dirishani, na mtazibua dirisha zima lisilo na kosa.